Unapanda Nyeri? Jua Oktani Inayofaa Gari Lako Kabla ya Kujaza Tangi

Wapwani wengi siku hizi wana safari za Mlima Kenya. Wako wanaopeleka watoto shule za bweni, wanaofuata viazi na kabeji Karatina, waliopata kazi Nanyuki au Meru, na wenye jamaa zao Majengo ya Nyeri. Mimi kazi yangu ni ufundi wa magari, na kwa miaka kadhaa nimeifanya huko Nyeri. Kila anayefika kutoka Mombasa, Malindi au Kwale huniuliza swali moja: “Fundi, kule ni milimani. Si bora nitie ile petroli ya bei ya juu ili gari lipate nguvu ya kupanda?”

Jibu langu ni hapana, isipokuwa kama gari lako linaihitaji hata likiwa Mombasa. Mlima hauongezi haja ya oktani, huipunguza. Kinachoiongeza ni joto na hewa nzito ya huku kwetu Pwani. Asiyelijua hilo hupoteza pesa akipanda, na pengine huumiza injini akishuka.

OKTANI NI NINI HASA

Oktani si kipimo cha nguvu ya petroli, wala si kipimo cha usafi wake. Ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa na kupashwa joto bila kujiwasha kabla ya wakati wake.

Ndani ya silinda, pistoni hupanda ikabana hewa iliyochanganyika na mvuke wa petroli. Plagi hutoa cheche, moto huanzia pale kwenye plagi na kusambaa kwa utaratibu, kisha huisukuma pistoni chini. Oktani ikiwa ndogo kuliko inavyotakiwa na injini, ule mchanganyiko ulio mbali na plagi hauusubiri moto uufikie. Hujiwasha wenyewe kwa kishindo. Hapo ndipo fundi husema injini “inagonga”. Sauti yake ni kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe, na huisikia zaidi ukiwa kwenye gia kubwa, mwendo mdogo, na mguu umekanyaga mafuta.

Kugonga kidogo kwa siku moja hakuui injini. Kugonga sana kwa muda mrefu hutoboa pistoni, huvunja ringi na huchoma gasketi ya hedi. Injini za kisasa nyingi zina kifaa kinachosikia kugonga huko. Kompyuta ya gari ikipata habari, huchelewesha cheche. Kelele huisha, lakini gari hupoteza nguvu na mafuta huliwa zaidi.

Nambari inayotumika Kenya ni ile iitwayo RON. Hupatikana kwa kuilinganisha petroli na vimiminika viwili vya maabara: isooktani, iliyopewa 100, na heptani, iliyopewa sufuri. Petroli ya RON 93 hustahimili kugonga sawa na mchanganyiko wa isooktani sehemu 93 na heptani sehemu 7. Wamarekani hutumia hesabu nyingine, na nambari zao huwa ndogo kwa takriban nne au tano. Basi ukikuta gari la soko la Marekani limeandikwa 87, usidhani linataka petroli dhaifu ajabu: 87 yao ni kama RON 91 au 92 ya kwetu, na 91 yao ni kama RON 95 au 96.

PETROLI YA NYERI ILIPITIA KILINDINI

Wengine huniambia mafuta ya bara si sawa na ya Mombasa. Ukweli ni kwamba yote huingia kupitia kwetu. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963, kiliacha kusafisha mwaka 2013. Tangu hapo petroli yote inayouzwa Kenya huletwa na meli ikiwa tayari imesafishwa. Hushushwa Kipevu, husukumwa kwa bomba la kampuni ya Kenya Pipeline, ambalo lilianza kufikisha mafuta Nairobi mwaka 1978, na kutoka huko malori ya tangi huyapandisha hadi Nyeri, Nanyuki, Embu na Meru.

Mzigo mmoja wa meli hugawanywa kwa kampuni nyingi. Tofauti ya petroli ya kampuni hii na ile, kwa super ya kawaida, huwa zaidi kwenye viungo vya kusafishia injini ambavyo kila kampuni huongeza baadaye. Super ya kawaida nchini kwa miaka mingi imetakiwa iwe na RON isiyopungua 93. Ile regular ya zamani, yenye oktani ndogo, haipo tena kwenye pampu zetu.

Juu ya super ya kawaida kuna petroli za daraja la juu. Vivo Energy huuza Shell V-Power, na TotalEnergies huuza Excellium. Hizi bei yake huandikwa kando na huwa kubwa zaidi. Miji mikubwa huzipata. Vituo vingi vya njiani na vya miji midogo ya mlimani vina super ya kawaida na dizeli tu, kwa hivyo mwenye gari linalotaka daraja la juu ajipange mapema.

KWA NINI MLIMA HUPUNGUZA HAJA YA OKTANI

Mombasa tuko usawa wa bahari. Embu iko karibu mita 1,350 juu yake, Nyeri karibu mita 1,750, na Nanyuki, pale Ikweta inapopita, karibu mita 1,900. Ukivuka Nanyuki kuelekea Timau unazidi kupanda. Nyahururu, upande wa pili wa Nyandarua, imepita mita 2,300.

Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi. Nyeri na Nanyuki shinikizo la hewa ni takriban asilimia 80 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa kufyonza tu. Hewa ikiwa nyepesi, kinachoingia kwenye silinda ni kichache, kwa hivyo hata pistoni ikibana vilevile, shinikizo na joto la mwisho huwa chini. Petroli haisumbuliwi sana, na injini haina sababu kubwa ya kugonga. Ongeza na baridi ya huko, hasa Juni na Julai, wakati mwenyeji wa Nyeri hatoki nyumbani bila sweta.

Ndiyo maana katika majimbo ya milimani ya Marekani, kama Colorado, vituo huuza petroli ya kawaida yenye nambari 85 kwa hesabu yao, ilhali kwingine nchini humo ya kawaida ni 87. Desturi hiyo ilifaa zaidi magari ya kabureta. Magari ya sasa, ambayo kompyuta hupima hewa na kurekebisha cheche, hupata nafuu ndogo ya mwinuko. Nafuu hiyo isikufanye ushuke chini ya oktani iliyoandikwa na mtengenezaji. Lakini pia haikupi sababu ya kupanda juu yake.

Basi mbona gari huhisi zito ukishapita Sagana? Kwa sababu hiyo hiyo ya hewa. Injini isiyo na turbo ikifika Nyeri huwa imepoteza karibu moja ya tano ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Hakuna petroli itakayoirudisha, hata iwe ya RON 100, kwa sababu kilichopungua ni hewa. Dawa yake ni kushusha gia mapema, kupunguza mzigo, na kuwa na filta safi ya hewa.

Turbo ndiyo yenye hesabu tofauti. Turbo husukuma hewa kwa nguvu na hufidia sehemu kubwa ya ile iliyopungua. Mwenye Subaru Forester ya turbo asitegemee kwamba Nanyuki itamsamehe. Ikiwa gari limeandikiwa daraja la juu, litie daraja la juu mlimani na Pwani pia.

UKISHUKA, HESABU HUGEUKA

Hapa ndipo Mpwani anapaswa kuwa makini kuliko mtu wa Nyeri. Gari lililokuwa kimya kule juu linaweza kuanza kugonga likifika Mariakani. Hewa imekuwa nzito, kaskazi imeshika, kiyoyozi kimewashwa, na kuna watu saba na mizigo ndani. Kila kimoja katika hivyo huiongezea injini joto au kazi.

Mafundi wa zamani walilijua hili. Wakati wa Peugeot 504, gari lililokuwa likiunganishwa hapa Mombasa na likapendwa sana kwa usafiri wa abiria bara, fundi wa mlimani alikuwa akisogeza taiming mbele kidogo ili kurudisha nguvu iliyopotea kwa hewa nyepesi. Kule juu gari lilikwenda vizuri. Likiletwa Pwani na taiming ile ile, liligonga kila likipewa kazi, mpaka fundi wa huku airudishe nyuma.

Magari ya kabureta bado yapo, hasa pikapu kuukuu na magari ya shamba. Ukinunua moja kutoka Nyeri au Laikipia ukalileta Kilifi, jambo la kwanza ni kumpelekea fundi akague taiming na kabureta. Usiharakishe kununua petroli ya bei ghali kuficha kelele ambayo dakika 20 za fundi zingeiondoa.

Kwa gari la kisasa, likianza kugonga baada ya kushuka, kagua kwanza haya: maji ya rejeta, plagi kama ni za kipimo kinachotakiwa, na masizi ndani ya silinda. Injini yenye masizi mengi hubana zaidi ya ilivyoundwa na hudai oktani zaidi ya ilivyoandikiwa. Injini inayochemka pia hugonga. Mara nyingi ugonjwa uko hapo, wala si kwenye petroli.

SOMA KIFUNIKO CHA TANGI, USISIKILIZE BARAZA

Kila mtengenezaji ameandika oktani inayofaa. Tazama ndani ya mlango wa tangi, au kwenye kitabu cha gari. Magari yetu mengi ni ya Japani yaliyokwisha tumika, na maandishi ni ya Kijapani. Piga picha kwa simu na uitafsiri. Kuna majibu mawili makubwa.

La kwanza ni “regular”. Kule Japani kiwango chake cha chini ni RON 89. Super yetu ya RON 93 tayari imekipita. Humu wamo Toyota Probox, Vitz, Axio, Fielder na Premio, na hata Mazda Demio za kawaida. Wenye magari haya wakitia petroli ya daraja la juu kwa kutafuta nguvu wanajidanganya. Injini haina jinsi ya kuitumia hiyo oktani ya ziada.

La pili ni “premium”, ambayo Wajapani huiita hai-oku. Kiwango chake cha chini kwao ni RON 96. Humu wamo Subaru za turbo na magari mengi ya Ulaya yaliyouzwa Japani, kama Volkswagen Golf TSI, Mercedes-Benz na BMW. Kwa haya, petroli ya daraja la juu haina anasa ndani yake. Ukiyanywesha super ya kawaida yatakwenda, maana kompyuta itayalinda, lakini yatakuwa mazito na yatakula zaidi. Ukiyabebesha mzigo na kuyakimbiza kwenye joto, ulinzi huo una mwisho wake. Aliyenunua gari la namna hii kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu, aliweke hilo kwenye hesabu ya kila mwezi.

Gari lililoandikwa RON 95, kama mengi ya Ulaya, liko katikati. Tia daraja la juu ukiwa Pwani na safarini ukiwa na mzigo. Ukijikuta Karatina na tangi linakauka na kuna super ya kawaida tu, tia, kisha endesha kwa upole. Petroli mbili zikichanganyika ndani ya tangi hazidhuru. Oktani yake huwa katikati ya hizo mbili.

Bodaboda na tuktuk hutosheka na super ya kawaida. Magari ya dizeli hayamo katika mjadala huu kabisa. Dizeli hutakiwa ijiwashe kwa kubanwa, na ina kipimo chake kingine.

HESABU YA MFUKO

EPRA hutangaza bei za juu kabisa za super, dizeli na mafuta taa tarehe 14 ya kila mwezi, na bei hizo huanza kutumika tarehe 15. Mombasa huwa nafuu kuliko Nairobi, na Nyeri huwa juu ya Nairobi, kwa sababu ya gharama ya bomba na malori. Kwa hivyo ukitoka nyumbani, jaza tangi Mombasa.

Sasa pima faida ya daraja la juu. Kutoka Mombasa hadi Nyeri ni kama kilomita 630. Probox inayokwenda kilomita 14 kwa lita itatumia lita 45. Tuseme petroli ya daraja la juu imezidi ya kawaida kwa shilingi 30 kwa lita. Hiyo ni shilingi 1,350 kwenda, na 2,700 kwenda na kurudi. Mwenye Probox hakupata chochote kwa pesa hizo. Kwa safari mbili au tatu angenunua plagi mpya na filta ya hewa, na hizo injini ingezihisi.

HATARI KUBWA KULIKO NAMBARI

Nikifungua injini iliyoumizwa na mafuta Nyeri, mara chache nakuta kisa ni mtu kutia super badala ya daraja la juu. Mara nyingi ni petroli iliyochanganywa na mafuta taa. Oktani ya mafuta taa ni ndogo mno. Kiasi kidogo tu kwenye petroli huishusha chini ya inavyohitaji injini. Kwa muda mrefu mafuta taa yalikuwa rahisi kuliko petroli, na wenye tamaa walikuwa wakichanganya. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru maalum wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa kuondoa faida hiyo. Mchezo ulipungua, na mzigo ukamwangukia mama wa stovu. Mafuta taa na mafuta yanayopitishwa kwenda nchi jirani pia hutiwa alama ya kikemikali, ili yakichanganywa na petroli ya hapa vipimo viyafichue.

Dalili ni hizi: gari lilikuwa zima, ukajaza mahali fulani, na kilomita chache baadaye linagonga hata kwenye tambarare. Asubuhi ya baridi linakataa kuwaka. Moshi unatoka na una harufu ya stovu. Yakikutokea, usilikimbize gari. Endesha taratibu kwa gia ya chini mpaka ufike kwa fundi, atoe sampuli ya mafuta kwenye chupa safi ya kioo. Risiti yenye tarehe na jina la kituo ndiyo ushahidi wako; bila risiti, malalamiko yako kwa EPRA ni maneno matupu. Basi idai risiti kila unapojaza, hata kama mhudumu ananuna.

Zile chupa za kuongeza oktani zinazouzwa kwenye maduka ya vipuri usizitegemee. Nyingi huongeza kidogo sana, na tangi lenye mafuta taa halitibiwi kwa chupa. Tangi hilo hutolewa mafuta yote.

Jambo la mwisho ni la risasi, maana wazee bado huuliza. Zamani oktani ilipandishwa kwa kutia madini ya risasi, mbinu iliyogunduliwa Marekani mwaka 1921. Risasi hiyo iliingia kwenye damu za watoto na kudhuru akili zao. Kenya iliiondoa kwenye petroli kufikia mwanzo wa 2006, na mwaka 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilitangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho kuiuzia magari petroli hiyo, imeiacha. Kwa hivyo mtu akikuuzia “dawa ya risasi” ya kuipa nguvu injini ya zamani, mrudishie chupa yake.

KABLA YA KUWASHA GARI

Soma kifuniko cha tangi ujue kama gari lako ni la regular au premium. La regular, tia super ya kawaida Pwani, njiani na mlimani. La premium, jaza daraja la juu Mombasa na tena Nairobi au Thika, maana mbele hujui utakachokuta. Mwaga rejeta ikiwa maji yamechafuka, badilisha filta ya hewa, na weka risiti zote ndani ya gari. Ukirudi, usikilize injini siku ya kwanza ya kupanda kilima cha Kwale. Ikigonga hapo, mwone fundi wako kabla hujamwona mwuza petroli.